Aliyetangulia Kufika Hakupewa Zawadi: Maswali Yenu Kuhusu Magari na Mbio za Kwanza

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya gari la magurudumu matatu la mwaka 1886, na barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua saba ambazo zinabeba maswali ya wengine wengi. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Shikamoo Mhariri. Darasani kwetu tulibishana juu ya mtu aliyevumbua gari. Wengine walisema ni Henry Ford, wengine Karl Benz, na mwalimu wetu akasema ni Daimler. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwondoeni Ford katika ubishi huu. Gari lake la kwanza, lililokuwa na magurudumu manne mfano wa ya baiskeli, aliliwasha mjini Detroit mwezi Juni 1896, na wakati huo Wajerumani na Wafaransa walikuwa wamekwisha kuuza magari kwa miaka kadhaa. Sifa ya Ford ni nyingine, nayo ni kubwa: gari la Model T la mwaka 1908, pamoja na utaratibu wa kuyaunganisha magari yakiwa yanasogezwa kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, alioanza nao mwaka 1913, ndivyo vilivyoshusha bei hata mkulima wa kawaida wa Marekani akaweza kununua gari.

Ubishi wenye maana ni kati ya Benz na Daimler, ambao walifanya kazi kwa wakati mmoja, katika miji isiyo mbali sana, bila kushirikiana. Wote wawili walijenga juu ya injini ya mipigo minne ambayo Nikolaus Otto aliikamilisha mwaka 1876: pistoni huvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta, huubana, mchanganyiko huwaka na kuisukuma, kisha moshi hutolewa nje. Injini za Otto zilikuwa nzito, za kukaa mahali pamoja kiwandani. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, ambao walikuwa wameajiriwa katika kiwanda cha Otto kabla ya kujitegemea huko Cannstatt, walitengeneza injini nyepesi inayozunguka kwa kasi zaidi, wakaifunga kwenye chombo cha magurudumu mawili mwaka 1885 na kwenye gari la farasi mwaka uliofuata. Karl Benz wa Mannheim hakuchukua gari la farasi na kulitia injini. Yeye alisanifu chombo kizima, yaani fremu, injini na namna ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu, kama kitu kimoja, na hataza yake (haki ya kisheria ya mvumbuzi) namba 37435 ilianza tarehe 29 Januari 1886. Kwa sababu hiyo mimi husema kwamba gari ni la Benz, na kwamba injini ndogo yenye kasi, ambayo ndiyo iliyoyafikisha magari mbali, ni ya Daimler na Maybach. Mwalimu wako hakukosea sana.

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mke wa Benz aliliiba gari la mumewe akaenda nalo safari. Je, ni kweli au ni hadithi tu?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Safari ni ya kweli, dada yangu, lakini neno "kuiba" halimfai Bertha Benz. Kabla hata ya kufunga ndoa alitoa fedha za mahari aliyoandaliwa na wazazi wake ili mchumba wake aweze kumlipa mshirika mbaya na kubaki na karakana. Gari lile lilikuwa lake kama lilivyokuwa la mumewe.

Mwezi Agosti 1888, bila kumwarifu mumewe, aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda kwa mama yake mjini Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kupitia njia aliyoifuata. Hadi siku ile magari yalikuwa yakitembezwa masafa mafupi tu. Kituo cha mafuta hakikuwapo popote duniani, hivyo mjini Wiesloch alinunua katika duka la dawa aina ya petroli nyepesi ambayo watu waliitumia kuondolea madoa kwenye nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake, na waya ulipochunika aliufunga kwa utepe wa kushikilia soksi. Breki za mbao zilipolika alimpata fundi viatu akazipigia ngozi. Kwenye milima watoto walishuka wakasukuma. Aliporudi nyumbani siku chache baadaye alimweleza mumewe kwamba gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima, na gia hiyo ikaongezwa. Ningependa fundi yeyote anayeandika orodha ya watu waliolijaribu gari barabarani kwa mara ya kwanza amweke Bertha Benz juu ya orodha hiyo.

Ndugu Mhariri, mashindano ya kwanza ya magari yalifanyika wapi? Babu yangu alikuwa akisema kwamba mshindi wa kwanza alinyimwa zawadi yake, nami sikuwahi kumwelewa.
*Msomaji wa Mombasa*

Babu yako alikuwa na habari sahihi, na tena jambo hilo lilitokea mara mbili.

Mwezi Desemba 1893 gazeti la Paris liitwalo Le Petit Journal, kwa shauri la mwandishi wake Pierre Giffard, lilitangaza mashindano ya "magari yasiyovutwa na farasi" kutoka Paris hadi Rouen, mwendo wa kilomita 126. Masharti yake yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu hayakutaja kasi kuwa ndilo jambo la kwanza. Zawadi kuu ingetolewa kwa chombo ambacho hakina hatari, ambacho ni rahisi kukiendesha, na ambacho hakimgharimu mwenyewe fedha nyingi njiani. Walioandikisha majina walikuwa 102, miongoni mwao wakiwamo watu walioahidi kuja na vyombo vya kuendeshwa kwa hewa iliyobanwa, kwa springi kama za saa, na hata kwa uzito wa abiria wenyewe. Wengi wa hao hawakuonekana. Asubuhi ya tarehe 22 Julai 1894 magari yaliyoanza safari yalikuwa 21, mengine ya petroli na mengine ya mvuke.

Aliyetangulia kuingia Rouen alikuwa Jules-Albert de Dion, mtu wa ukoo wa kikabaila aliyependa sana mitambo, akiwa kwenye gari la mvuke lililokuwa likivuta behewa la abiria nyuma yake. Alitumia saa 6 na dakika 48, yaani kasi ya chini kidogo ya kilomita 19 kwa saa. Waamuzi walikataa kumpa zawadi ya kwanza kwa sababu gari lake lilihitaji mtu wa pili wa kuchochea moto, na kwa hiyo halikuwa rahisi wala nafuu kwa mtu wa kawaida. Zawadi kuu waligawiwa watengenezaji wawili wa magari ya petroli, Peugeot na Panhard & Levassor, ambao wote walitumia injini zilizotokana na kazi ya Daimler. Mtu anaweza kuona uamuzi huo kuwa uonevu. Mimi nauona kuwa uamuzi mwema, kwa kuwa waamuzi walishikamana na masharti waliyoyaandika wenyewe kabla ya kujua nani angetangulia, tena walitambua mapema ni chombo cha aina gani ambacho watu wangeweza kuishi nacho.

Mwaka uliofuata wapenzi wa magari walitaka jambo kubwa zaidi, na tarehe 11 Juni 1895 walianza safari ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, kilomita 1,178 bila kusimama usiku. Haya ndiyo mashindano ambayo wengi huyaita mbio za kwanza za kweli, maana saa ilihesabiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Walioanza walikuwa 22 na waliomaliza walikuwa 9.

Naomba msomaji amtazame Émile Levassor, mmoja wa wenye kiwanda kile cha Panhard & Levassor, usiku wa kwanza. Ana umri wa zaidi ya miaka 50. Gari lake lina injini ya silinda mbili yenye nguvu za farasi kama 4, na mbele yake hakuna usukani wa duara bali mpini tu, kama wa mashua, ambao kila jiwe la barabarani huurusha mkononi mwake. Taa zake ni za mafuta, zisizoangaza zaidi ya hatua chache. Alikuwa amepanga kumwachia dereva mwenzake gari katika mji wa Ruffec, lakini alifika mapema mno usiku wa manane kiasi kwamba mwenzake alikuwa bado amelala, naye akaamua kuendelea mwenyewe. Alifika Bordeaux, akageuza, akaendelea tena hadi Paris. Jumla aliendesha kwa saa 48 na dakika 48, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na gari lililomfuata lilikuwa nyuma yake kwa karibu saa 6.

Hata hivyo zawadi ya kwanza haikuwa yake. Masharti yalisema kwamba zawadi hiyo ni ya magari yenye zaidi ya viti viwili, na gari la Levassor lilikuwa la viti viwili, sawa na lile lililokuwa la pili. Zawadi ilikwenda kwa Paul Koechlin, aliyefika na gari la Peugeot la viti vinne saa 11 baada yake. Wakati huu nakiri kwamba moyo wangu uko upande wa Levassor. Mwaka 1896, katika mbio za Paris hadi Marseille na kurudi, gari lake lilipinduka alipojaribu kumkwepa mbwa, na hakupata tena afya kamili. Alifariki mwezi Aprili 1897. Mnara wa ukumbusho wake uliojengwa Porte Maillot, Paris, ulizinduliwa mwaka 1907, na unamwonyesha akiwa garini, anaingia mjini.

Mhariri, siku hizi watu wanazungumza juu ya magari ya umeme kama kitu kipya kabisa. Je, zamani hayakuwapo?
*Fundi umeme, Dodoma*

Yalikuwapo, na gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari lake lenye umbo la risasi, aliloliita La Jamais Contente, yaani "lisiloridhika kamwe", huko Achères karibu na Paris tarehe 29 Aprili 1899, akafikia kilomita 105.88 kwa saa. Kabla ya hapo alikuwa akipokezana rekodi na Gaston de Chasseloup-Laubat, ambaye mwezi Desemba 1898 alianza kwa kilomita 63.15 kwa saa, naye pia kwa gari la umeme. Kilichoyashinda magari yale ni betri, ambazo zilikuwa nzito mno na ziliisha baada ya masafa mafupi, jambo ambalo wewe kwa kazi yako unalielewa kuliko mimi.

Ndugu Mhariri, kwa nini mbio kubwa za magari hukimbizwa kwenye uwanja wa kuzunguka badala ya kutoka mji mmoja hadi mwingine kama zamani?
*Msomaji wa Arusha*

Jibu ni siku moja, tarehe 24 Mei 1903.

Klabu ya magari ya Ufaransa, iliyoundwa baada ya mbio za Bordeaux, ilikuwa imepanga mbio za Paris hadi Madrid. Katika miaka minane tu injini zilikuwa zimekua kutoka nguvu za farasi 4 hadi 70 na zaidi, lakini fremu, breki na matairi havikukua kwa kiasi hicho, na barabara zilikuwa zilezile za vumbi zilizojengwa kwa ajili ya magari ya farasi. Magari zaidi ya 200 yaliondoka Versailles moja baada ya jingine kuanzia saa tisa na nusu usiku. Umati mkubwa ulijipanga kando ya njia, na watu wengi walisimama barabarani kabisa wakijitenga dakika ya mwisho tu, bila kujua jinsi chombo chenye kasi ya kilomita 130 kwa saa kinavyofika upesi. Dereva aliyekuwa nyuma ya mwenzake hakuona barabara bali wingu la vumbi, na wengine walikisia kona kwa kutazama vilele vya miti.

Kabla ya jioni madereva, mafundi wao na watazamaji kadhaa walikuwa wamepoteza maisha. Mmojawapo wa waliojeruhiwa vibaya alikuwa Marcel Renault, ambaye alifariki baadaye. Ndugu yake Louis, aliyekuwa miongoni mwa walioongoza siku ile, hakushiriki mbio tena. Serikali ya Ufaransa ilisimamisha mashindano Bordeaux, na magari yakakokotwa na farasi hadi kituo cha reli ili yarudishwe Paris. Fernand Gabriel, aliyefika Bordeaux akiwa na wastani wa kilomita 105 kwa saa katika hali ile, alikuwa ameendesha kwa ustadi ambao hata leo ni vigumu kuueleza, lakini hapakuwa na mtu wa kushangilia.

Katika siku hiyo yupo pia Camille du Gast, mwanamke pekee garini kama dereva, ambaye alikuwa akienda vizuri sana hadi alipomkuta mshindani mwenzake, Phil Stead, amepata ajali. Alisimama akamhudumia mpaka msaada ulipofika, na akapoteza nafasi yake. Mwaka uliofuata wanawake walikatazwa kushiriki. Sijaona sababu yoyote ya haki ya katazo hilo.

Baada ya Madrid, mbio kubwa zilihamia kwenye njia za mzunguko zilizofungwa. Waingereza walitangulia kujenga uwanja maalumu wa Brooklands mwaka 1907, na Wamarekani walifuata na Indianapolis mwaka 1909.

Mhariri, mimi ni fundi wa magari. Nataka kujua ni kitu gani katika gari la kawaida kilichotokana na mbio hizo za mwanzo.
*Fundi wa gereji, Mwanza*

Fundi, ningeweza kukutajia vitu vingi, lakini nitaanza na kile unachokishika kila siku, yaani gurudumu.

Katika mbio za Bordeaux za mwaka 1895 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliingia na gari lililofungwa matairi ya kujazwa upepo, wakati wenzao walitumia mpira mgumu au chuma. Walipata pancha njia nzima na walikuwa wa mwisho. Lakini walikuwa wameonyesha kwamba gari zima linaweza kubebwa na hewa, na baada ya miaka michache hapakuwa na gari la mbio lisilotumia matairi hayo. Shida ilibaki katika kuyabadilisha: tairi lilikazwa kwenye gurudumu lisilotoka, hivyo ilibidi kulikata kwa kisu na kulazimisha jipya kuingia, kazi ya kama dakika 15 kwenye jua na vumbi. Katika Grand Prix ya kwanza, iliyofanyika karibu na Le Mans tarehe 26 na 27 Juni 1906, sheria ilisema kwamba anayeruhusiwa kuligusa gari ni dereva na fundi wake tu. Michelin walileta ringi inayofunguliwa kwa nati, ikiwa na tairi lililokwisha kujazwa upepo, na kazi ikashuka hadi chini ya dakika 4. Ferenc Szisz, Mhungaria ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa fundi wa kuketi kando ya Louis Renault, aliitumia ringi hiyo akashinda kwa wastani wa takriban kilomita 101 kwa saa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, akimwacha wa pili, Felice Nazzaro wa Fiat, nyuma kwa nusu saa nzima. Unapofungua nati za gurudumu la mteja leo na kumwekea spea, unafanya kazi iliyoanza kwa namna ile.

Hapa siwezi kuandika juu ya matairi bila kutaja mpira wenyewe ulikotoka. Sehemu ya mpira wa miaka ile ilitoka Kongo, katika nchi iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambako watu walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mwitu, na vijiji vilivyopungukiwa na kiasi kilichodaiwa viliadhibiwa kwa kuchukuliwa mateka, kuuawa na kukatwa mikono. Hamu ya matairi ya baiskeli, kisha ya magari, ndiyo iliyoongeza bei ya mpira na ukatili huo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Ubelgiji.

Kitu cha pili ni rejeta, yaani kifaa cha kupozea maji ya injini, na umbo la gari. Mwezi Machi 1900 dereva Wilhelm Bauer alikufa katika mbio za kupanda mlima wa La Turbie karibu na Nice, akiwa kwenye gari la Daimler lililokuwa refu kwenda juu na fupi kwenda mbele. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeyauza magari hayo, aliagiza gari jipya lililo chini zaidi, refu na pana zaidi, na lenye nguvu zaidi, akataka liitwe kwa jina la binti yake, Mercedes. Maybach alilisanifu likiwa na rejeta ya vijitundu vingi kama sega la nyuki, injini mbele na fremu ya chuma, nalo lilitawala mashindano ya Nice ya mwaka 1901. Ukiliweka kando ya gari la Benz la 1886 utaona vitu viwili visivyofanana, lakini ukiliweka kando ya gari lililo gerejini kwako utaona ndugu.

Ndugu Mhariri, je, Afrika Mashariki inaingia mahali popote katika historia hii ya mwanzo, au sisi tunaanza na Safari Rally tu?
*Mwalimu wa historia, Dar es Salaam*

Safari Rally ilianza mwaka 1953, mwalimu, lakini mji wako uliingia katika historia hii miaka mingi kabla.

Mwaka 1907 gazeti la Le Matin la Paris lilialika mtu yeyote aliye tayari kuendesha gari kutoka Peking (Beijing ya leo) hadi Paris, na magari matano yaliondoka Peking tarehe 10 Juni. Mtukufu Scipione Borghese wa Italia, kwenye gari la Itala, alivuka jangwa la Gobi na Siberia, akiwa na fundi wake Ettore Guizzardi na mwandishi wa habari Luigi Barzini, akaingia Paris tarehe 10 Agosti. Siku hiyohiyo, tarehe 10 Agosti 1907, ofisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa Gaggenau, akikusudia kulivuka bara la Afrika hadi upande wa pili, kupitia nchi ambazo sehemu kubwa hazikuwa na barabara ya gari hata moja. Borghese alitumia miezi miwili kufika Paris. Graetz alitumia karibu miezi 21, na aliifikia bahari ya Atlantiki huko Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909.